Kiti cha Mkuu wa Majeshi na zamu ya wanamaji

Jenerali Charles Kahariri alipoapishwa Mei 2024 kuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, swali barazani lilikuwa moja: mbona mwanamaji tena? Wako waliosema ni bahati, wako waliosema ni siasa. Jawabu limo kwenye historia ya kiti chenyewe.

Jeshi tulilorithi mwaka 1963 lilitokana na King's African Rifles, askari wa mkoloni tangu 1902. Bendera ilibadilika, lakini wakubwa walibaki Waingereza. Januari 1964 askari wa kambi ya Lanet, Nakuru, waliasi siku chache tu baada ya wenzao wa Tanganyika, na ni wanajeshi wa Uingereza waliokuja kuwazima. Wanamaji walianzishwa Disemba ya mwaka huohuo, makao yao yakawa Mtongwe, ng'ambo ya Likoni.

Mwafrika wa kwanza kushika uongozi wa majeshi yote ni Joseph Ndolo, mwaka 1969, baada ya Meja Jenerali Bernard Penfold, Mwingereza. Hakudumu. Mwaka 1971 jina lake lilihusishwa na njama ya kuipindua serikali, akajiuzulu. Jaji Mkuu Kitili Mwendwa naye akaondoka kwa sababu hiyohiyo. Tangu hapo, kwa maoni yangu, kiti kikawa cha mtu anayeaminiwa na Ikulu kuliko kitu kingine chochote.

Jackson Mulinge alikikalia hadi 1986. Ni wakati wake, tarehe 1 Agosti 1982, ambapo baadhi ya wanahewa walijaribu mapinduzi, na Mahmoud Mohamed, mwana wa Garissa, akaongoza askari waliokikomboa kituo cha redio ya taifa. Jeshi la wanahewa likavunjwa, likaundwa upya kwa jina la '82, na yeye akapewa aliongoze. Mwaka 1986 akawa Mkuu wa Majeshi, Mwislamu wa kwanza kufika hapo, akakaa miaka 10. Mtu mmoja, miaka 10! Maafisa wangapi walistaafu chini yake wakiwa bado wanangoja?

Aliyekuja kulitengeneza jambo hili ni Daudi Tonje, aliyeshika hatamu mwaka 1996. Kanuni zilizobeba jina lake ziliweka umri wa kustaafu kwa kila cheo, zikampa Mkuu miaka minne, na zikataka kiti kizunguke baina ya majeshi matatu. Mwenyewe alizifuata, akaondoka mwaka 2000.

Sasa hesabu. Baada ya Tonje akaja Joseph Kibwana, mwanamaji. Mwaka 2005 Jeremiah Kianga, nchi kavu. Mwaka 2011 Julius Karangi, hewa. Mwaka 2015 Samson Mwathethe, mwanamaji, mtoto wa Kilifi. Mwaka 2020 Robert Kibochi, nchi kavu. Mwaka 2023 Francis Ogolla, hewa. Halafu Kahariri. Bahari, nchi, hewa, bahari, nchi, hewa, bahari. Zamu haikurukwa hata mara moja.

Miaka minne ndiyo iliyochezewa. Kianga alikaa sita, Mwathethe akaongezwa mwaka mmoja. Ogolla hakumaliza hata mwaka: tarehe 18 Aprili 2024 helikopta yake ilianguka, akafa pamoja na wanajeshi tisa. Alizikwa Siaya siku ya tatu, bila jeneza, kama alivyousia. Nchi nzima ilishangaa. Sisi tuliozoea kuzika hivyo hatukuona ajabu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 241, inataka uongozi wa majeshi uakisi maeneo na makabila yote ya Kenya. Kuwa mwanamaji si kuwa mtu wa Pwani, na hapa ndipo wengi barazani huchanganya. Meli ziko Mtongwe, lakini wanaoziongoza hutoka popote.

Miaka minne ya Kahariri ikienda sawa itaisha 2028, na zamu itakuwa ya nchi kavu. Bahari itangoja tena. Atakayekalia kiti siku hiyo huenda sasa ni afisa wa cheo cha juu, aliyeingia chuo cha kijeshi cha Lanet akiwa kijana. Basi swali la kuwauliza wabunge wetu ni hili: mwaka huu ni vijana wangapi wa Lamu, Kwale na Tana River waliochukuliwa kusomea uofisa, si ukurutu peke yake?