Mafundi wa Randa na Mawimbi ya Kwao: Safari ya Ubao wa Mashindano

Katika Makumbusho ya Bishop mjini Honolulu zimehifadhiwa mbao za kutelezea mawimbini za Abner Paki, mtemi wa Hawaii wa karne ya 19. Zinapita mita 4 kwa urefu, na mmojawapo una uzito wa zaidi ya kilo 60. Hazina mapezi chini. Wahawaii waliuita ubao wa aina hiyo olo, na ulikuwa wa wakubwa. Watu wa kawaida walikuwa na alaia, mfupi na mwembamba. Olo ulifaa mawimbi mapana yanayopanda taratibu kutoka mbali. Alaia ulifaa wimbi linalosimama wima karibu na ufuko, kwa kuwa uliweza kukata kwa ubavu. Kwa hiyo swali wanaloulizana watelezaji wa leo, kwamba ubao wa fundi gani ni bora, lilikuwa na jibu Waikiki kabla Mzungu hajafika: wataje kwanza wimbi na mtu, ndipo wautaje ubao.

Nasisitiza hilo kwa sababu historia ya mbao hizi husimuliwa sana kama mbio za uvumbuzi, huyu akampita yule. Ukiifuatilia kwa makini unaona jambo jingine. Karibu kila badiliko kubwa lilitokana na fundi aliyekuwa akitafuta dawa ya tatizo la ufukwe wake, au la mwili wake mwenyewe.

Tom Blake, Mmarekani wa bara aliyehamia Hawaii, ndiye aliyezikarabati mbao za Paki katika miaka ya 1920. Alipochonga nakala yake akaikuta nzito mno, akaitoboa mamia ya matundu na kuyaziba juu. Hapo ukazaliwa ubao wenye uwazi ndani, na mwaka 1932 akapewa hataza yake. Mwaka 1935 alichukua kipande cha mkuku wa mashua mbovu akakipachika chini ya tezi. Kabla ya hapo mtelezaji aligeuza ubao kwa kuburuta mguu majini. Pezi lile dogo likaufanya mkia ushike maji, na tangu siku hiyo kazi ya fundi imekuwa kupima kati ya kushika na kuachia.

Kutoka hapo niende haraka. Bob Simmons wa California, aliyesoma uhandisi, alitumia faibaglasi na hesabu za vyombo vinavyopaa juu ya maji. Alifia mawimbini mwaka 1954. Mwaka 1958 Hobie Alter na Gordon Clark wakaanza kutumia povu gumu la poliurethani badala ya mti wa balsa, na Clark akaja kumiliki kiwanda kilicholisha karibu karakana zote za Marekani hadi alipokifunga ghafla tarehe 5 Desemba 2005. Povu lilikubali randa ya umeme na msasa kwa wepesi ambao mti haukuujua. Fundi akaweza kubahatisha umbo jipya asubuhi na kulitupa jioni.

Bila wepesi huo yasingetokea yaliyotokea Australia. George Greenough, kijana wa Santa Barbara aliyeteleza kwa magoti, alichonga pezi jembamba lililopinda kama mkia wa jodari. Mwaustralia Nat Young alilitumia pezi la aina hiyo kutwaa ubingwa wa dunia San Diego mwaka 1966. Mwaka uliofuata Mwaustralia mwenzake Bob McTavish akafupisha mbao na kuzipa tumbo lenye umbo la herufi V karibu na tezi. Katika mawimbi ya Australia ziligeuka kwa wepesi wa ajabu. Desemba hiyo akazipeleka Hawaii, na kule Sunset, wimbi kubwa na zito, tezi pana ikakosa mshiko na kumzungusha. Lakini Honolua, kisiwani Maui, mbao zilezile ziliwashangaza waliozitazama. Dick Brewer, fundi wa mbao ndefu za mawimbi makubwa, akauchukua ufupi wa McTavish na kuuacha upana wa tezi: akachonga mkia mwembamba uliochongoka. Ndiyo sura ambayo mbao za Hawaii zinaibeba mpaka sasa.

Mjadala mtamu zaidi, kwa maoni yangu, ni ule wa mapezi mawili na matatu. Mark Richards wa Newcastle, Australia, aliuona mwaka 1976 ubao mfupi wa mapezi mawili wa Reno Abellira kutoka Hawaii. Akauboresha kwa mikono yake, kisha akautumia kutwaa ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mapezi mawili hayana breki katikati. Ubao hukimbia hata wimbi likiwa dhaifu, na hugeuka kwa kuguswa tu. Ila mawimbi yakiwa makubwa, au mtelezaji akiwa mzito, tezi huteleza upande bila kuaga.

Simon Anderson wa Narrabeen, Sydney, alikuwa mzito. Alikuwa jitu la watu, urefu karibu sentimita 190, na mapezi mawili yalimtesa. Mwishoni mwa 1980 aliuona ubao wa rafiki yake wenye kipezi kidogo cha nusu duara nyuma ya mapezi mawili, akajiuliza ingekuwaje kama yote matatu yangelingana. Mwaka 1981, akiwa na ubao wa mapezi matatu, alishinda mashindano ya Bells Beach katika mawimbi ya kutisha, akashinda tena Sydney, na Desemba akashinda Pipeline huko Hawaii. Pezi la nyuma lilimruhusu kuukandamiza mguu wa tezi kwa nguvu zake zote, na ubao ukairudisha nguvu hiyo kama mwendo.

Hata hivyo ubingwa wa 1981 haukwenda kwa Anderson. Ulikwenda kwa Richards na mapezi yake mawili, na wa 1982 pia. Ushindi wa umbo na ushindi wa mtu ni vitabu viwili tofauti. Anderson hakuomba hataza. Kwa zaidi ya miaka 40 karibu kila ubao wa mashindano duniani umebeba mapezi matatu, na hajalipwa mrabaha wa wazo hilo.

Al Merrick alichukua njia nyingine. Alianzisha karakana ya Channel Islands mwaka 1969 huko Santa Barbara, karibu na Rincon, wimbi refu linalofuata mkono wa kulia kwa mpangilio usiokatika. Wimbi kama hilo halisamehe ubao unaokwama kati ya kona moja na nyingine. Mbao za Merrick zilisifika kwa hilo hasa: kona huunganika, na kasi haipotei njiani. Tom Curren, kijana wa hapohapo, alizitelezea kuelekea ubingwa wake wa 1985 na 1986. Kisha akaja Kelly Slater, bingwa mara 11, aliyetaka kupanda juu ya mdomo wa wimbi na kuruka. Merrick akampa mbao nyembamba, zilizopinda sana omo na tezi. Mpindo hupunguza kasi lakini huuwezesha ubao kuingia penye ukuta mkali bila kuchoma omo. Slater alikuwa mwepesi na hodari wa kujitafutia kasi. Wanunuzi wengi wa miaka ya 1990 hawakuwa hivyo, wakazama na mbao za bingwa hadi kifuani. Sidhani kosa lilikuwa la fundi: Merrick alimshonea mteja mmoja suti, na dunia nzima ikataka kuivaa.

Kizazi cha sasa kinathibitisha habari ileile. Jon Pyzel alikulia Santa Barbara akahamia pwani ya kaskazini ya Oahu, na amemchongea John John Florence tangu utotoni. Florence, bingwa wa 2016, 2017 na 2024, alilelewa mbele ya Pipeline. Ubao wa Pyzel uitwao Ghost una unene uliosogezwa mbele na tezi nyembamba: unasukumika upesi kwa mikono, unaingia wimbini mapema, na ukishafika mvunguni mwa wimbi mkia unashika. Katika wimbi dogo lisilo na msukumo, ubao huohuo unadai kazi nyingi.

Marcio Zouvi, Mbrazili aliyehamia San Diego, anachonga mbao za Sharp Eye. Filipe Toledo alitwaa ubingwa wa 2022 na 2023 juu ya mbao zake, na fainali zote mbili zilifanyika Trestles, California: wimbi safi, la wastani, lenye ukuta ulio wazi kwa kona na miruko. Mbao zake zinaamka haraka chini ya mguu, na mtu mzito wa mwendo huzilalamikia kuwa zina papara. Katikati ya Pyzel na Zouvi namweka Johnny Cabianca, Mbrazili mwingine, anayefanya kazi katika Nchi ya Basque, Hispania. Gabriel Medina, bingwa wa 2014, 2018 na 2021 aliyechongewa mbao na Cabianca, ni mzito kuliko Toledo na huisukuma tezi kwa nguvu, hivyo humhitaji fundi atakayempa mshiko bila kumfunga. Ukiniuliza nichague kwa siku nisiyojua bahari itakuwaje, ningechukua wa Cabianca.

Siku hizi povu hukatwa kwanza na mashine ya kompyuta, na fundi hubakiwa na milimita chache za mwisho za msasa. Wazee hulalamika. Lakini mashine imempa fundi kitu ambacho Brewer hakuwa nacho: ubao ukivunjika, na mbao za mashindano huvunjika upesi, faili lake lipo, na bingwa anaweza kuagiza mwingine wa kipimo kilekile ukiwa na badiliko moja tu kwenye mpindo wa tezi. Jioni humpigia fundi simu kumwambia kama badiliko lile lilisikika mguuni.