Tiketi ya Mia Mbili

Agosti 2025, Kenya ilipoandaa CHAN pamoja na Tanzania na Uganda, tiketi ya bei ya chini kabisa ya kuingia Kasarani ilikuwa shilingi 200. Nairobi watu walisema hiyo hata mwanafunzi anaimudu. Na kweli anaimudu, kama analala Roysambu. Mimi nalala Malindi.

Hebu tupige hesabu. Matatu kutoka Malindi hadi Mombasa ni mia nne au mia tano, kutegemea siku na makanga. Kutoka mjini hadi kituo cha SGR kule Miritini ni nauli nyingine. Treni, daraja la kawaida, ni 1,500 tangu bei ipandishwe Januari 2024. Ilipoanza 2017 watu walilipa 700. Kurudi ni 1,500 tena. Yaani treni peke yake ni sawa na tiketi kumi na tano za Kasarani, na bado hujanunua hata chai. Halafu treni inakushusha Syokimau, kusini mwa Nairobi, na uwanja uko upande mwingine kabisa, barabara ya Thika. Unavuka jiji zima.

Muda nao una bei yake. Mechi ya kwanza ya Harambee Stars, dhidi ya Kongo, ilianza saa 9 alasiri, Jumapili tarehe 3. Treni ya asubuhi haikufikishi kwa wakati. Kwa hiyo unapanda ya saa 4 usiku Jumamosi, unafika kabla ya alfajiri, unazurura mjini mpaka mageti yafunguliwe, unatazama mpira, unakimbilia ya saa 4 usiku kurudi. Jumatatu asubuhi ndo unaiona Malindi. Ni kulala kwenye kiti mara mbili kwa ajili ya dakika 90. Wengine hupanda basi la usiku la moja kwa moja, lakini usingizi ni uleule.

Nilipomweleza mama mpango kama huu, aliuliza swali moja: "Kwani mpira wenyewe si wauonyesha kwenye TV?" Wauonyesha. Lakini kamera ikigeukia jukwaani, ikionyesha "Wakenya" wakiimba, wale ni Wakenya walioweza kufika kwa matatu moja au mbili. Mie nataka kujua ilikuwaje tukawa mbali hivi. Kilomita kama 600 kutoka Malindi hadi Nairobi hazikupangwa na mtu. Mahali pa kujenga uwanja, hapo watu walikaa mezani wakapanga.

Tuanzie 1963. Kabla ya hapo Malindi, kisheria, haikuwa koloni la Kenya. Ilikuwa ndani ya ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar, ambao Waingereza waliusimamia tangu 1895. Kulikuwa na watu wa Mwambao waliotaka ukanda huu ujitenge. Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakabadilishana barua, na pwani yetu ikaingia Kenya kabla bendera haijapandishwa Desemba.

Mwaka huohuo wa 1963 ligi ya taifa ya kandanda ikaanza. Bingwa wa kwanza alitoka Nakuru. Na bingwa wa 1965? Feisal, ya Mombasa, timu ya kina Ali Kajo, aliyekuwa pia mshambulizi wa timu ya taifa. Miaka miwili tu baada ya barua zile, ukanda uliosuasua kuingia Kenya ukawa ndio wenye mabingwa wa Kenya. Sijui kama kuna hotuba ya umoja wa taifa iliyofanya kazi kubwa kuliko hiyo. Tangu hapo hakuna klabu ya Pwani iliyotwaa tena ligi. Bandari imekaribia, ikashika nafasi ya pili, basi.

Kisha zikaja miaka ya themanini, miaka ya zege. Nyayo ulifunguliwa 1983, Nairobi. Kasarani ukajengwa kwa msaada wa China kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya Agosti 1987, Nairobi. Ulikuwa mwaka mkubwa. Harambee Stars walifika fainali ya michezo ile wakafungwa na Misri 1-0. Desemba, Gor Mahia wakatwaa Kombe la Washindi la Afrika palepale Kasarani. Ukitaka kujua kwa nini wazee wa Nairobi wakitaja 1987 macho yanang'aa, ndo hapo.

Sasa fikiria shabiki wa Malindi mwaka huo. Daraja la Kilifi halikuwepo, lilifunguliwa 1991. Ukifika Kilifi unashuka, unasubiri feri ikuvushe mtoni (ni mkono wa bahari, lakini sote twasema mto), kisha unaendelea na safari ya Mombasa. Hapo bado kuna gari la moshi la usiku, lile la reli ya zamani, linalojikokota kupitia Voi hadi kunakucha. Mtu angeweza kutoka nyumbani Ijumaa asubuhi ili awahi mechi ya Jumamosi alasiri. Na kuna kitu kilichokuwa kinanichekesha kila nikikifikiria: Ngomeni, kaskazini kidogo ya Malindi, Waitaliano na Wamarekani walikuwa wamesharusha setilaiti kutoka majukwaa yaliyo baharini. Moja, iliyorushwa 12 Desemba 1970, iliitwa Uhuru. Kutoka kwetu ilikuwa rahisi chombo kufika angani kuliko mtu kufika uwanjani.

Utasema uwanja mkubwa lazima ukae mji mkuu. Sawa, mmoja. Lakini 2007 Mombasa iliandaa mbio za nyika za dunia. Tarehe 24 Machi, kwenye uwanja wa gofu, juani, kwenye joto lililomfanya hata Kenenisa Bekele aache mbio njiani. Watu wa Pwani walijaa kando ya njia. Dunia ilikuja, ikakimbia, ikaondoka, na hakuna zege lililobaki.

Angalia pia kilichotokea kila Kenya ilipoahidi viwanja. Kombe la Afrika la 1996 lilikuwa letu, likaenda Afrika Kusini kwa sababu hatukuwa tayari. CHAN ya 2018 ilikuwa yetu, ikaenda Morocco kwa sababu ileile. Uwanja wa Manispaa ya Mombasa ulibomolewa ili ujengwe upya, na CHAN ya 2025 ilipofika haukuwa umekamilika. Kwa hiyo mechi zote za Kenya katika michuano hiyo zilikuwa Nairobi, Kasarani na Nyayo. Na Zanzibar je? Zanzibar ilicheza. Uwanja wa Amaan, uliokarabatiwa 2023, uliandaa mechi za kundi na hata robo fainali. Pepo zilezile zinazovuma Malindi huvuma Unguja, na Sultani alikuwa mmoja. Ni kama ukanda wa maili kumi umegawanyika mara ya pili: upande mmoja umepata uwanja, mwingine umepata skrini.

Sisemi hivi ili nirudishe lile neno la "Pwani si Kenya" lililoandikwa kutani wakati MRC ilipovuma, miaka ya 2010 na kitu. Madai yale yalikuwa ya ardhi na ajira, mambo mazito kuliko mpira. Ila neno kama lile hupata masikio pale mtu anapoona taifa linatokea mbali kila mara. Kasarani Agosti ile taifa lilitokea kweli: Kongo 1-0, Morocco 1-0, Zambia 1-0, kisha Madagascar wakatutoa kwa penalti kwenye robo fainali. Huku kwetu tulipiga kelele vibandani mpaka jenereta likazidiwa sauti. Zilikuwa kelele za Wakenya, na hakuna aliyezihesabu.

Kombe la Afrika linakuja 2027, kwa nchi hizohizi tatu. Nairobi wanajenga uwanja mpya wa Talanta, barabara ya Ngong, wa watu 60,000. Ni Nairobi tena. Basi sisi wachache tunaocheza jioni pale Alaskan tumeanza chama. Kila Jumapili kila mtu anatuma mia mbili kwa M-Pesa, bei ya tiketi moja ya CHAN, na mweka hazina ni dada mmoja ambaye hakopeshi hata akililiwa. Tumekubaliana mambo matatu. La kwanza, tiketi iwe kwenye simu kabla ya kukata nauli, manake 2025, baada ya vurugu za mageti, CAF ilipunguza mashabiki hadi 27,000 kwa mechi ya Zambia, na wasio na tiketi za mtandaoni hawakuwa na lao. Mtu wa Roysambu akirudishwa getini analala kwake. La pili, tufike siku moja kabla. Mmoja wetu ana shangazi Kayole, na tumeshamwomba kwa heshima zote, kwa ahadi ya nazi na embe za Malindi. La tatu, vijana wa Kilifi wanaocheza pale Karisa Maitha wanakaribishwa, bora nao waanze kuchanga sasa. Matatu itawapitia njiani.

Nikitoa nauli, chakula na tiketi, mchango wangu utatimia baada ya wiki arubaini hivi. Nimeshatuma wa kumi na moja.