Namba mpya si gari jipya: Jinsi ya kupata bei nzuri ya gari Tanga

Kwa wakazi wengi wa Jiji la Tanga, "gari jipya" ni gari lililotumika Japan kwa miaka kadhaa, likashushwa bandarini na kupewa namba za Tanzania kwa mara ya kwanza. Magari yatokayo kiwandani moja kwa moja yapo kwa mawakala rasmi, lakini mfanyakazi au mfanyabiashara wa kawaida wa Ngamiani au Chumbageni huishia kuyatazama tu. Kwa hiyo anayetafuta bei nzuri hana budi kuanza na gari hilo la Japan, na kwanza atenganishe mambo mawili ambayo madalali hupenda kuyachanganya: umri wa gari na umri wa namba yake.

Namba za usajili za Tanzania Bara huenda kwa mfululizo wa herufi. Gari ambalo herufi zake tatu za mwisho zinaanza na D liliandikishwa kabla ya lile linaloanza na E. Ndiyo maana muuzaji hutamka "hii ni namba E" kama sifa ya gari na kupandisha bei papo hapo. Ukweli ni kwamba herufi hiyo hueleza wakati gari lilipoandikishwa hapa nchini, wala haisemi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2005 linaweza kubeba namba E, na la mwaka 2012 likabeba namba D. Mnunuzi asome mwaka wa kutengenezwa katika kadi ya gari, kisha alinganishe namba ya chesisi iliyo kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye gari lenyewe. Majadiliano ya bei yaanzie hapo.

Umri una gharama kubwa pia kwa anayeagiza mwenyewe. Kenya, jirani zetu wa ng'ambo ya Horohoro, hawaruhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane. Tanzania huliruhusu, lakini hulitoza. Kwa viwango vilivyozoeleka, ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na bima na nauli ya meli. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 1,000 hadi 2,000, na asilimia 10 kwa kubwa zaidi. Kisha huja Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18. Gari la miaka minane hadi kumi huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na lililozidi miaka kumi asilimia 30.

Tuchukue magari mawili yenye injini ya 1,500, kila moja likiwa na thamani ya Sh10 milioni kufika bandarini. Lenye umri chini ya miaka minane litatozwa Sh5,487,500 kwa kodi hizo tatu. Lililozidi miaka kumi litatozwa Sh9,912,500, karibu sawa na bei yake. Ni kweli kwamba la zamani kwa kawaida huuzwa kwa bei ndogo zaidi, lakini unafuu huo mara nyingi humezwa na kodi. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina kikokotoo katika tovuti yake, na thamani inayotumika ni ile ya mfumo wake, hata kama risiti ya muuzaji inaonyesha pungufu. Mnunuzi akitazame kabla ya kutuma fedha, hasa baada ya bajeti ya kila Juni, kwani viwango hubadilika.

Bei inayotangazwa kwa herufi FOB haina nauli ya meli wala bima. Juu yake kuna tozo nyingine za forodha, malipo ya bandari, wakala wa forodha na, kwa gari lililoshukia Dar es Salaam, dereva na mafuta kwa safari ya kilomita takriban 350 hadi Tanga. Nyaraka zikichelewa, gharama za kuhifadhi gari huongezeka kila siku. Bandari ya Tanga nayo imeongezwa kina gatini kutoka mita 3 hadi 13, hivyo si vibaya kumuuliza wakala kama kuna meli itakayoshusha gari huku huku.

Kwa gari linalotoka katika minada ya Japan, iombwe karatasi ya mnada. Huonyesha daraja la gari, kilomita na sehemu zenye kutu, na herufi R huashiria kwamba gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Muuzaji anayekataa kuionyesha anampa mnunuzi sababu ya kutosha ya kushusha bei au kuondoka.

Chini ya gari ndiko fundi atumie muda mwingi. Maeneo ya theluji ya Japan hunyunyiziwa chumvi barabarani, na gari lililotoka huko likiletwa kwenye hewa ya bahari ya Raskazone au Pangani, kutu haikawii. Rangi mpya iliyopakwa chini siku chache kabla ya mauzo itiliwe shaka.

Gari la bei ya chini mno lenye namba za Kenya au za Zanzibar linahitaji tahadhari ya pekee. La Kenya huenda limeingia kwa kibali cha muda tu, na la Zanzibar linaweza kudaiwa tofauti ya kodi likihamishiwa Bara. Deni hilo hufuata gari, na anayekamatwa nalo ni aliyelishika usukani.

Mkiafikiana, mkataba wa mauziano uandikwe kwa bei halisi na malipo yapitie benki. Sehemu ya fedha, hata kama muuzaji atanuna, ibaki hadi kadi ihamishwe TRA kwa jina la mnunuzi. Suala la nani analipa ada ya uhamisho na ushuru wa stempu, na nani anampa dalali chake, liamuliwe kabla fedha ya kwanza haijatoka.