Kaaya: Ukoo wa Mangi

Ita “Kaaya!” sokoni Tengeru, karibu na Arusha, uone vichwa vitakavyogeuka. Kwa Wameru wa Tanzania, jina la mwisho ndilo la ukoo: Mbise, Pallangyo, Nnko, Nanyaro, Sumari. Kwa desturi, wa jina moja hawaoani, hata kama hawajuani.

Wazee husimulia kwamba akina Kaaya walitoka Usambara, wakawakuta akina Mbise wametangulia Mlima Meru. Mbise wakabaki na matambiko, Kaaya wakashika umangi, yaani uchifu. Cheo hicho kiliwagharimu: mwaka 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Lobulu, wakati Boma la Arusha, ngome yao ambayo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, likijengwa.

Kama wewe ni Kaaya, waulize wazee wa kwenu majina ya mababu, uyaandike.