Ushairi na Dawa ya Moyo Wenye Huzuni

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Wazee wa Rwanda wana msemo kwamba machozi ya mwanamume humiminika tumboni. Maana yake, mtu mzima hulia ndani, asionekane. Msemo huu una heshima yake, kwani subira ni katika imani. Lakini huzuni iliyofungiwa haifi kwa kufungiwa, bali huwa donda. Katika nchi iliyopitiwa na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, jambo hili halihitaji kufafanuliwa, wala Kanzenze wala Gisenyi nzima. Basi yafaa kutazama namna waliotangulia katika watu wa lugha ya Kiswahili walivyoyatoa machozi ya tumboni bila ya kuivunja subira. Waliyatoa kwa shairi.

Huenda mtu akauliza: Je, dini haikuwalaumu washairi? Ni kweli, mwisho wa Sura ya 26 umewalaumu; lakini papo hapo wametolewa katika lawama wale walioamini, wakatenda mema na kumkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi. Na Mtume mwenyewe alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit. Ama kulia, Nabii Yaakub alimlilia Yusuf hata macho yake yakaingia weupe, naye ndiye mfano wa subira njema, kwani mashitaka yake aliyapeleka kwa Mola wake.

Mfano mashuhuri katika Uislamu ni wa Imam al-Busiri wa Misri, aliyeishi katika karne ya 13. Yasimuliwa kwamba alipooza upande mmoja wa mwili, akatunga kasida ya kumsifu Mtume, akaisoma kwa kulia na kuomba. Kisha akamwota Mtume akimpangusa na kumfunika joho, naye akaamka mzima. Ndiyo sababu kasida ile ikaitwa Burda, na Waislamu wa nchi nyingi wakazoea kuisoma penye wagonjwa. Kasida yake nyingine, Hamziyya, ilitiwa katika Kiswahili cha kale na Sayyid Aidarusi bin Athmani wa Pate.

Katika mwambao wetu yuko Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siu, alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, yaani 1275 wa Hijra, Mwana Kupona alikuwa ameugua mwaka mzima, na binti yake Mwana Hashima alikuwa bado mdogo. Hapo akamtungia utenzi. Wengi huukumbuka kwa nasaha zake juu ya mke na mume, wakasahau sehemu ya mwisho, ambamo mama yule mgonjwa anamwomba Mola amponye na awalinde watoto wake. Hakuishi sana baada ya hapo. Alifariki karibu na mwaka 1860. Je, utenzi haukumfaa? Ulimfaa. Mwili haukudumu, lakini khofu ya kumwacha mtoto bila ya neno la mama iliondoka, kwani neno lilikwisha kusemwa.

Baadaye Shaaban Robert wa Tanga, aliyeishi tangu 1909 hata 1962, alifiwa na mkewe Amina, akamtungia shairi la maombolezo lililobeba jina lake. Na Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya karata ya siasa aliyoiandika. Katika upweke wa gereza alitunga mashairi akiyaandika juu ya karatasi za chooni. Alitoka mwaka 1972, na mwaka 1973 yakapigwa chapa kwa jina la Sauti ya Dhiki.

Sasa, nguvu hii yatoka wapi? Huzuni haina mpaka, na shairi lina mpaka. Mshororo wa utenzi una mizani nane, na kina chake lazima kirudi. Mwenye kutunga hulazimika kuipima huzuni yake neno kwa neno, na kilichopimwa huchukulika. Tena shairi la Kiswahili huimbwa. Aliyekuwa analia peke yake hupata wa kuitikia. Rwanda yenyewe ilijua heshima ya utungo zamani, kwani abasizi, washairi wa wafalme, walihifadhi tungo zao vifuani kizazi baada ya kizazi.

Lakini isidhaniwe kuwa shairi laondoa haja ya tabibu. Mtume ameamrisha watu wajitibu, na mgonjwa wa moyo ana haki ya kupelekwa hospitali kama mgonjwa wa homa. Shairi ni mlango tu, na shifa ni ya Mwenyezi Mungu.

Basi, enyi wazee wa Kanzenze, mjane au yatima akija na maneno yake, msimwambie anyamaze. Keti naye, msikilize, na kama anaweza kuyatia katika mizani, mwitikieni. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na azitulize nyoyo za waliobaki. Amin.