Zunguka Fremu, Hesabu Nyuzi: Malango ya Kwenye Magemu Yalitoka Wapi?

Kwenye gemu ya Asteroids, iliyotoka mwaka 1979, chombo chako kikitokomea upande wa kulia wa skrini kinaibukia kushoto. Kikitoka kwa juu, kinarudi kwa chini. Hakuna aliyehitaji kufundishwa jambo hilo. Ukicheza dakika mbili unazoea. Lakini hebu jiulize: ulimwengu wa namna hiyo una umbo gani? Na je, ni kweli, kama wachezaji wengi wanavyosema, kwamba gemu ikishakuwa na lango la kukurusha kutoka sehemu moja hadi nyingine basi imeshatoka kwenye jiometri ya Euclid?

Mara nyingi hapana. Ili uone kwa nini, inabidi tufuate hadithi mbili za karne ya 19. Moja ni ya watu waliopinda nafasi. Nyingine ni ya mtu aliyeikata na kuigundisha upya. Magemu yamezichanganya zote mbili, na sehemu zinapokutana ni kwenye fremu ya lango.

Tuanze na kupinda. Euclid, aliyefanya kazi Alexandria, Misri, mnamo mwaka 300 KK, alijenga jiometri yake juu ya madai matano anayotaka uyakubali bila uthibitisho. Manne ni mepesi. La tano, kwa lugha ya leo, linasema kwamba kupitia nukta iliyo nje ya mstari unaweza kuchora mstari mmoja tu ulio sambamba nao. Linaonekana kweli, ila halionekani jepesi kama mengine. Kwa zaidi ya miaka 2,000 watu walijaribu kulithibitisha kwa kutumia yale manne, akiwemo Omar Khayyam wa Uajemi katika karne ya 11. Hakuna aliyefaulu.

Huko Hungaria, mwanahisabati Farkas Bolyai alishapoteza miaka yake kwenye tatizo hilo. Aliposikia mwanawe János, afisa kijana wa jeshi, naye ameingia humo humo, alimwandikia kumsihi aachane nalo kabisa. Kijana hakusikia. Alijenga jiometri nzima ambamo dai la tano halifanyi kazi: kupitia nukta moja unapitisha mistari sambamba isiyo na idadi, na pembe za pembetatu zikijumlishwa hazifiki nyuzi 180. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1832 kama kiambatisho tu kwenye kitabu cha baba yake. Baba akampelekea rafiki yake Gauss, mwanahisabati aliyeheshimika kuliko wote Ulaya. Gauss akajibu kwamba hawezi kuisifu kazi hiyo, maana atakuwa anajisifu mwenyewe: alikuwa ameshayafikiria hayo miaka mingi. Kumbe na Mrusi Nikolai Lobachevsky alikuwa ameshachapisha mambo kama hayo huko Kazan mwaka 1829. János aliandika maelfu ya kurasa baada ya hapo, lakini hakuchapisha kitu kingine cha maana mpaka akafa.

Hofu ya wakati huo haikuwa ya kijinga. Nani ajuaye kama hiyo jiometri mpya haina mgongano umejificha mahali, siku moja ukajitokeza na kuibomoa yote? Ni mwaka 1868 ambapo Mwitaliano Eugenio Beltrami alionyesha jinsi ya kuichora jiometri hiyo ndani ya jiometri ya kawaida. Yaani, kama ya Bolyai ina mgongano, basi na ya Euclid inao. Zinasimama pamoja au zinaanguka pamoja.

Sasa hadithi ya pili, ya kukata na kugundisha. Mwaka 1851, Bernhard Riemann aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari huko Göttingen, Ujerumani. Tatizo lake lilikuwa la namba. Kila namba isiyo sifuri ina vipeuo viwili vya pili: vya 4 ni 2 na −2. Ukizitandaza namba changamano kwenye uso bapa na kutembea ukiizunguka sifuri, kipeuo nacho kinatembea, ila kwa nusu ya pembe yako. Ukimaliza mzunguko mmoja, nyuzi 360, wewe umerudi ulipoanza lakini kipeuo kimegeuka: ulianza na 2, sasa unayo −2. Lazima uzunguke tena. Ni kwenye nyuzi 720 tu ndipo kila kitu kinarudi mahali pake.

Riemann alifanya jambo ambalo unaweza kulifanya kichwani. Chukua karatasi mbili, ziweke moja juu ya nyingine, zikate zote kwa mstari mmoja unaoanzia kwenye sifuri kwenda nje. Kisha gundisha kwa kupishana: ukingo wa kulia wa karatasi ya juu na wa kushoto wa karatasi ya chini, halafu ule wa chini na wa juu. Ukivuka mkato ukiwa juu, unajikuta chini. Ukizunguka tena, unarudi juu. Hilo ni lango, zaidi ya karne moja kabla ya skrini ya kwanza ya gemu.

Na halikubaki kuwa mchezo wa wanahisabati. Mwaka 1896, mwanafizikia Arnold Sommerfeld alitaka kujua kwa usahihi mwanga unafanya nini unapogonga ukingo mnyoofu wa kizuizi. Akakichukulia kizuizi kama mkato wa Riemann, akauacha mwanga upite kuingia kwenye nafasi ya pili ya kufikirika nyuma yake, akapiga hesabu kwenye nafasi zote mbili, kisha akasoma jibu kwenye ile ya kwanza. Likawa jibu kamili, si la kukadiria.

Magemu yaliingia humu kwa mlango wa uvivu, na nasema hivyo kwa heshima. Kompyuta za miaka ya 1990 hazikuwa na nguvu ya kuchora jengo zima. Mbinu mojawapo, ambayo David Luebke na Chris Georges waliielezea mwaka 1995, ni hii: gawa jengo katika vyumba, chora chumba alichomo mtazamaji, kisha chora vyumba vingine kwa kadiri tu vinavyoonekana kupitia milango. Mlango ndio uliokuwa ukiitwa lango. Lengo lilikuwa kasi. Lakini angalia kilichotokea: kompyuta ikishakuwa inavijua vyumba kwa njia ya milango tu, hakuna kinachovilazimisha vyumba hivyo vitoshe ndani ya nyumba moja.

Waundaji wa Duke Nukem 3D (1996) walilijua hilo. Katika hatua yake ya siri iitwayo Lunatic Fringe kuna korido ya mviringo. Ukiizunguka mara moja, nyuzi 360, hujarudi ulipoanza, upo sehemu nyingine kabisa. Zunguka tena, ufike 720, ndipo unarudi. Ni karatasi mbili za Riemann, safari hii zikiwa na bunduki.

Halafu ikaja gemu iliyolifanya lango kuwa silaha. Mwaka 2005 wanafunzi wa chuo cha DigiPen, Marekani, walitoa Narbacular Drop. Kampuni ya Valve ikawaajiri, na mwaka 2007 ikatoka Portal. Unapiga lango moja ukutani, jingine sakafuni, ukiingia hapa unatokea pale na kasi yako ileile. Kwenye skrini, kompyuta inaweka kamera ya pili nyuma ya lango la kutokea, mahali pale ambapo jicho lako lingekuwa kama vyumba viwili vingekuwa vimeungana kweli, kisha inachora kinachoonekana ndani ya fremu tu. Malango mawili yakitazamana, kamera inazaa kamera, mpaka programu iseme basi.

Je, hapo tumeingia kwenye ulimwengu wa Bolyai? Chora pembetatu ndogo popote kwenye Asteroids, hata ikivuka ukingo wa skrini. Jumla ni nyuzi 180 kamili. Ulimwengu ule una umbo la donati kwa jinsi ulivyoungana, lakini umebaki bapa kama daftari. Ndani ya lango la Portal ni vivyo hivyo. Kugundisha peke yake hakupindi kitu.

Isipokuwa sehemu moja: kwenye fremu. Ukisimama kwenye karatasi ya kawaida na kuzunguka nukta, unapata nyuzi 360. Kata kipande cha pembe na uunganishe, zinapungua, karatasi inakuwa pia. Ongeza kipande, zinazidi, karatasi inajikunja kama ukingo wa jani la sukuma wiki. Kwenye lango la Riemann, nyuzi kuzunguka ncha ya mkato ni 720. Upindaji wote umesukumwa kwenye ncha hiyo moja. Portal inakuficha hilo kwa ujanja rahisi: malango yake yamebandikwa ukutani, kwa hiyo huwezi kulizunguka fremu.

Ukitaka upindaji usiwe umebanwa kwenye fremu bali usambae kila mahali, hapo ndipo hadithi zetu mbili zinaungana. Chukua chumba cha mchemraba, fanya kila ukuta uwe lango la kutokea ukuta unaoukabili. Kwenye kila ukingo zinakutana pembe nne za nyuzi 90: 360, safi, nafasi ni bapa. Sasa chukua chumba chenye kuta 12 za pembetano, yaani dodekahedroni, na uunganishe kuta zinazokabiliana kwa kuzizungusha nyuzi 36. Kwenye kila ukingo zinakutana pembe tatu za karibu nyuzi 116.6, jumla kama 350. Zimepungua 10! Dawa ni kuweka chumba hicho kwenye nafasi iliyopinda kama tufe, pembe zikavimba hadi 120 kila moja. Ukizungusha nyuzi 108 badala yake, zinakutana pembe tano, zinazidi sana, na dawa ni nafasi ya Bolyai, ambamo pembe hizo zinasinyaa hadi 72. Herbert Seifert na Constantin Weber waliyaeleza maumbo haya mawili mwaka 1933. La kwanza hubeba jina la Henri Poincaré, aliyelifikia kwa njia nyingine mwaka 1904.

Kuyachora hakuhitaji mashine ya ajabu. Mwaka 1992 Mark Phillips na Charlie Gunn walionyesha kwamba matriksi za 4×4, zilezile ambazo kompyuta hutumia kuzungusha picha za kawaida, zinatosha kukutembeza ndani ya nafasi ya Bolyai. Leo programu ya bure ya Jeff Weeks, Curved Spaces, itakuingiza kwenye vyumba vyote viwili vya dodekahedroni, na gemu ya HyperRogue itakuacha upotee kwenye jiometri ile ambayo János alishindwa kupata mtu wa kuishangilia.

Kwa hiyo ukikutana na gemu inayojitangaza kuwa si ya Euclid, ipime. Tafuta lango unaloweza kulizunguka, hesabu nyuzi mpaka urudi ulipoanza. Halafu ondoka mbali na malango yote, katikati ya uwanja, upime pembetatu. Zikitoka 180, unacheza na mkasi wa Riemann. Zikipungua, umeingia kwa Bolyai.