Vinywaji vichachu na rangi ya meno yaliyozibwa

Kijazo, yaani kile anachokiweka daktari kuziba tundu la jino, huweza kupoteza rangi yake ya awali na kuwa njano, kahawia au kijivu. Lawama hutupiwa vinywaji vichachu, nayo ni kweli nusu tu: asidi huharibu uso wa kijazo, ila rangi mara nyingi huletwa na kinywaji kingine.

Kirua Vunjo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wahusika wote wapo. Mbege, pombe ya kienyeji, hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizopikwa na kimea cha ulezi, na magome ya msesewe huipa uchungu. Uchachu wake huongezeka kadiri inavyokaa. Soda hupanda kwa kreti kutoka mjini. Kahawa imo kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, ingawa sehemu kubwa huishia kuuzwa nje, na chai haikosekani asubuhi.

Cola ina pH ya karibu 2.5, kahawa karibu 5. Enameli, yaani gamba gumu la jino, huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5 hivi. Kama asidi ndiyo ingekuwa mleta rangi, cola ingeshinda. Lakini vipande vya kijazo cha kompositi vikilowekwa maabara, kwa kawaida kahawa huvichafua zaidi kuliko cola. Mwaka 1991 watafiti Um na Ruyter walionyesha kuwa rangi ya chai hukaa juu ya uso na huweza kutoka kwa mswaki, ilhali rangi ya njano ya kahawa hupenya ndani ya resini.

Kompositi ni resini iliyochanganywa na chembe za kioo, na resini hiyo hunyonya maji pamoja na rangi iliyomo. Kijazo kisichokaushwa vizuri kwa taa, au kisichosuguliwa kikalainika, huchafuka upesi. Amalgamu, kijazo cha metali, huwa nyeusi yenyewe, bila kusubiri kinywaji.

Saruji ya ayonoma, inayotokana na unga wa kioo na asidi ya poliakriliki, ndiyo dhaifu zaidi mbele ya uchachu: uso hulika, hukwaruza, na kila rangi hupata pa kushika. Jambo hili linaigusa Tanzania moja kwa moja. Katikati ya miaka ya 1980 daktari wa meno Jo Frencken alianza hapa mbinu ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono, bila umeme wala mashine. Baadaye ayonoma ikawa kijazo chake kikuu, na Shirika la Afya Duniani likaipigia debe mbinu hiyo mwaka 1994. Kijazo chenye doa bado ni bora kuliko pengo.

Ukanda huu wa Kilimanjaro una jambo jingine. Floridi ya maji ya baadhi ya maeneo, na ya magadi yanayopikiwa, huwaachia watu wengi meno ya kahawia tangu utotoni. Kwa mtu wa namna hiyo kijazo kipya ndicho huonekana kigeni kwa weupe wake.

Muda nao una uzito. Kata ya mbege inayonywewa kidogo kidogo mchana kutwa huliweka jino ndani ya asidi kwa muda mrefu kuliko soda iliyomalizwa mezani. Kusukutua maji baada ya kunywa husaidia; kupiga mswaki papo hapo huzidisha mkwaruzo. Doa la juu huondolewa kwa kusuguliwa tu kliniki, bila kubadilisha kijazo. Mstari mweusi ukingoni ni habari nyingine: huenda kijazo kimeachana na jino, na daktari anapaswa kuuchunguza.